Kwa nini gari kuukuu la abiria huinama nyuma, na jinsi ya kulirekebisha

Kisinga, chini ya Milima ya Rwenzori magharibi mwa Uganda, magari ya Toyota HiAce yaliyotumika miaka mingi hubeba abiria na mizigo kuelekea Kasese na Bwera. Si ajabu kuliona moja likipanda mlima huku nyuma imeinama.

Kasoro hiyo si ya sura tu. Uzito ukielemea nyuma, magurudumu ya mbele hupungukiwa na mshiko, usukani huwa mwepesi mno, na usiku taa huwamulika machoni madereva wanaokuja mbele.

Wengi hukimbilia kubadilisha shokomzoba. Hata hivyo, kazi ya shokomzoba ni kutuliza mtikisiko. Uzito hubebwa na springi. Nyuma ya HiAce kuna springi za mabamba ya chuma. Miaka ya mizigo huyalegeza, na moja likivunjika, mengine huelemewa.

Gari likiwa tupu mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana, tafuta bamba lililovunjika au bushi iliyolika. Pande zote mbili zikiwa chini, huenda springi zimechoka.

Fundi anaweza kuyapinda mabamba upya, lakini chuma kilichochoka hulegea tena. Springi mpya, zikifungwa pande zote mbili, hudumu zaidi. Kuongeza bamba huinua gari, ila hakuongezi uwezo wa breki, ekseli wala matairi. Gari la abiria 14 hubaki la abiria 14.