Sudan Kusini: Vitabu Vilifika, Lugha Ikasahaulika

Vita vinapokoma katika nchi yoyote ya bara hili, wafadhili hawakawii kufika na mahema, madawati na vitabu. Sina ugomvi na ukarimu huo. Mtoto aliyezoea kusomea chini ya mti akipata paa la mabati, amepata haki yake. Neno langu lahusu kitu kisichopakiwa katika lori wala kuhesabiwa katika ripoti, nacho ni lugha atakayoitumia mwalimu mbele ya darasa. Jirani yetu Sudan Kusini yatosha kuwa mfano.

Mkataba uliotiwa sahihi hapa Nairobi Januari 9, 2005 ulivikomesha vita vilivyoanza 1983. Kabla yake vilikuwapo vingine, vya 1955 hadi 1972. Muda huo wote shule zilikuwa uwanja wa mapambano ya lugha. Serikali ya Khartoum ilizitwaa shule za wamishonari mwaka 1957, ikakieneza Kiarabu kusini. Kwa hiyo wapiganaji waliposhika madaraka, Kiingereza kilikuwa kwao zaidi ya lugha, kilikuwa bendera. Katiba ya mpito ya 2011 ikakifanya lugha ya kazi za serikali na ya kufundishia katika ngazi zote.

Kisiasa, uamuzi huo waeleweka. Lakini ulimkuta nani darasani? Walimu wengi waliobaki katika miji kama Juba, Wau na Malakal wakati wa vita walisoma na kufundisha kwa Kiarabu. Mtu aliyesifika kwa hisabati miaka nenda miaka rudi akajikuta bubu mbele ya wanafunzi wake. Wenzao waliokimbilia Kenya na Uganda walirejea na Kiingereza, baadhi wakiwa wamefuata mtaala wetu katika kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa 1992. Hao nao wengi hawakuutaka ualimu. Mashirika yale yale yaliyokuja kujenga shule yaliwahitaji wawe makarani na wakalimani, na malipo yake yaliushinda mbali mshahara wa mwalimu. Nani angewalaumu?

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, mzaliwa wa huko, alinieleza jinsi somo linavyokwenda: mwalimu husoma sentensi ya Kiingereza kitabuni, watoto huikariri kwa sauti, kisha hugeukia Kiarabu cha Juba kuwaeleza maana yake. Kiarabu hicho, ambacho wasomi wengi hukibeza kuwa ni Kiarabu kilichovunjika, ni lugha kamili yenye sarufi yake, na ndicho kiunganishi cha watu wa makabila mbalimbali sokoni na barabarani. Hata hivyo, katika sera ya elimu hakina kiti.

Yamkini msomaji atauliza kama hakuna sheria. Ipo. Sheria ya elimu ya 2012 yaagiza watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya mahali walipo, ingawa katiba iliyoitangulia kwa mwaka mmoja yasema vingine. Mtaala mpya uliozinduliwa 2015, kwa msaada wa UNICEF na wengineo, nao ulizipa lugha hizo nafasi. Vita vilikuwa vimerudi Desemba 2013, na waraka mzuri ukawa hauna mtu wa kuutekeleza. Nchi yenye lugha za kienyeji zaidi ya 60 yahitaji waandishi, wahariri na walimu wa lugha hizo, wala hao hawaagizwi kutoka ng'ambo.

La kuudhi ni kwamba kazi hii haianzi patupu. Mkutano wa Rejaf wa 1928, ambao mtaalamu Diedrich Westermann alihudhuria, ulichagua lugha kadhaa za kufundishia, zikiwamo Kidinka, Kinuer, Kibari na Kizande, na kuzipangia tahajia. Miaka ya 1970 Maridi ilikuwa na taasisi ya kuandaa vitabu vya lugha za kusini, kabla vita vya 1983 kuivuruga. Kidinka, kwa mfano, hutofautisha maneno kwa urefu wa irabu wa daraja tatu, tena kwa namna ya kuitoa sauti. Tahajia yake haibuniwi na mshauri aliyekuja kwa wiki mbili.

Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulianza kuwapa maelfu ya walimu wa msingi dola 40 kwa mwezi ili wasiache kazi. Hilo nalisifu, kwa maana lilimgusa mwalimu mwenyewe. Kasoro ni kwamba mradi una tarehe ya mwisho, na mtoto wa darasa la kwanza hana. Lau ningeulizwa, ningetaka warsha za uandishi zifufuliwe huko huko Maridi na Juba, zikiongozwa na walimu wazawa, idara zetu za isimu zikialikwa kusaidia, na mfadhili akikubali kulipa kwa miaka kumi badala ya mitatu.