Makanisa ya Mbao ya Norwei: Kilichoyadumisha Karne Tisa

Kanisa la Urnes, magharibi mwa Norwei, lilijengwa kwa mbao tupu miaka ya 1130 hivi, na bado limesimama. Nakshi za wanyama waliosokotana kwenye ukuta wake wa kaskazini ni za zamani zaidi: zilihamishwa kutoka kanisa la karne ya 11. Wengi husifu ugumu wa msonobari uliotumika kulijenga. Mti huo ni mgumu kweli, lakini ugumu pekee hautoshi kueleza umri huu. Mbao haziozeshwi na miaka, huozeshwa na unyevu. Makanisa haya yamedumu kwa sababu mafundi waliyakinga na maji, na waliorithi wakaendelea kuyatunza.

Ushahidi umo katika ujenzi wenyewe. Makanisa ya mwanzo yalisimamishwa kwa nguzo zilizochimbiwa ardhini, zikaoza chini. Mafundi wa karne ya 12 wakainua jengo zima: walilaza boriti nene juu ya mawe, wakasimamisha nguzo juu yake, na mbao za ukuta zikachomekwa wima katika mifereji iliyochongwa kwenye boriti hizo. Katika kanisa la Borgund, lililojengwa mwishoni mwa karne hiyo, paa zenye mteremko mkali zilizopangwa ngazi kwa ngazi huporomosha mvua na theluji, na baraza iliyozunguka jengo hukinga ukuta. Ndani, mbao zilizokingamana hufunga nguzo ili upepo usiziyumbishe. Kisha nje ya jengo hupakwa lami inayopatikana kwa kuchoma polepole mizizi ya msonobari yenye utomvu, na kazi hiyo hurudiwa kizazi baada ya kizazi.

Mtu atauliza: ikiwa ufundi ulikuwa bora hivyo, mbona kati ya makanisa yanayokadiriwa kuzidi 1,000 yamebaki 28 tu? Jibu ni kwamba mengi yaliangushwa na kukosa watunzaji na maamuzi ya watu. Tauni ya mwaka 1349 iliua watu wengi, na sharika nyingi zikabaki bila waumini wa kuyatunza. Sheria ya 1851 nayo ilitaka kanisa litoshe angalau watu watatu kati ya kila kumi wa usharika. Majengo madogo ya kale yakabomolewa kupisha makubwa. Wengine watasema kwamba jengo lililobadilishwa mbao mara kwa mara si la kale tena. Lakini upimaji wa pete za miti umethibitisha kuwa nguzo na boriti kuu nyingi ni za Zama za Kati zenyewe. Kilichobadilishwa zaidi ni ngozi ya nje, iliyowekwa ichakae ili mifupa ipone.

Ndiyo maana mpango wa serikali wa 2001 hadi 2015 wa kuyakarabati yote 28 ulitegemea mafundi wanaojua kuchonga mbao na kupaka lami kwa njia za kale. Uamuzi huo ulikuwa sahihi: ujuzi huo ukipotea, hata msonobari mgumu kuliko yote hautayaokoa.