Utangulizi: Kutoka Dawati la Nyuma

Mwaka 1996, shule 25 za msingi katika wilaya za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, zilipelekewa vitabu vya kiada bila malipo. Kabla ya hapo kitabu kimoja kiligombewa na watoto wengi, kwa hiyo kila mtu alitarajia alama zipande. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walizifuatilia shule hizo pamoja na nyingine ambazo zilikuwa hazijapata vitabu, wakakuta kwamba kwa wastani alama hazikusogea. Walionufaika ni watoto waliokuwa mbele tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu. Aliyeweza kuvisoma alivisoma. Asiyeweza alivibeba tu.

Karibu, msomaji. Kurasa zinazofuata zimeandikwa kwa ajili ya mwanachuo anayetafuta mada ya tasnifu, na kwa mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha ambaye bado anajiuliza kwa nini somo lililokwenda vizuri Jumatatu limekataa Jumanne. Utafiti wa elimu una maswali matatu makubwa: kinachomfanya mwanafunzi ashiriki kweli katika somo, kinachomfanya mwalimu aendelee na kazi bila kukata tamaa, na nani anayenyimwa haki yake ya kujifunza hata akiwa ameandikishwa. Vyuoni maswali haya yamegawanywa. La kwanza wamepewa wanasaikolojia, la pili wataalamu wa uongozi wa elimu, la tatu wanasosholojia na wachumi. Kwa maoni yangu mgawanyo huo unatuponza. Wale waliopeleka vitabu Busia walikuwa na nia ya haki, lakini haki yao iliishia mlangoni mwa darasa, kwa sababu suala la nani angeweza kushiriki kwa vitabu vile lilikuja kuulizwa baadaye.

Tuanze na ushiriki. Mwaka 2004 Jennifer Fredricks, Phyllis Blumenfeld na Alison Paris walichapisha makala ambayo karibu kila mtafiti wa eneo hili huipitia. Waliutenganisha ushiriki katika sura tatu: wa matendo, wa hisia na wa fikra. Mwanafunzi anaweza kuhudhuria kila siku na kunyoosha mkono, akaipenda shule kwa ajili ya marafiki, na bado akili yake isiguse somo. Ukitaka kuliona hilo, omba nafasi kwenye dawati la nyuma katika Kidato cha Kwanza cha shule ya serikali Tanzania, kipindi cha baiolojia. Mwalimu anatamka nusu ya neno, “photosyn…”, na darasa zima linamalizia kwa nguvu, “…thesis!” Anatamka nusu nyingine, linamaliziwa. Mgeni kutoka wilayani atasifu uchangamfu huo. Sasa mtazame kijana wa karibu na dirisha: ameandika herufi tano, amesimama, anachungulia daftari la jirani. Mfuate wakati wa mapumziko umuulize kwa Kiswahili jani linafanya nini na mwanga wa jua, huenda akakueleza bila kigugumizi, kwa sababu alilisoma hilo shule ya msingi.

Hapa watafiti wetu wana mengi zaidi ya kusema kuliko wageni. Mtoto huyo amefundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha muhula mmoja tu ukifunguliwa, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kuhusu jambo hili kwa miaka mingi, na mradi wa LOITASA, ulioanza 2002 ukiwa na Birgit Brock-Utne miongoni mwa viongozi wake, uliwaunganisha watafiti wa Tanzania na Afrika Kusini kulichunguza madarasani. Halima Mwinsheikhe alilitazama hasa kwenye masomo ya sayansi. Darasa likipewa lugha linayoimudu, wanafunzi huuliza, hubishana, hukosoana. Wanaopinga matokeo haya, kwa kawaida, hawabishi kwamba watoto wanaelewa zaidi. Wanabisha kuhusu ajira na dunia. Ni mjadala halali, ila ni mwingine.

Kuhusu ustahimilivu wa walimu, nakuomba uwe na tahadhari. Utafiti unaotajwa sana ni ule wa Christopher Day, Qing Gu na wenzao, waliofuatilia walimu 300 katika shule 100 za Uingereza kuanzia 2001 hadi 2005. Waligundua kwamba moyo wa kazi wa mwalimu hupanda na kushuka kadiri miaka inavyokwenda, na kwamba mkuu wa shule, wenzake ofisini na hali ya nyumbani vina uzito mkubwa. Hilo linafuta dhana ya mwalimu “mwenye wito” aliyezaliwa hivyo. Kwetu dhana hiyo inapendwa mno. Mwalimu aliyepangiwa kituo kisicho na nyumba ya mwalimu, anayedai malimbikizo na kufundisha watoto mia katika chumba kimoja, huambiwa avumilie. Tasnifu inayompima uvumilivu wake bila kumpima mwajiri wake ni nusu ya tasnifu.

Ushahidi wa kwamba maswali haya hayaachani uko hapahapa Tanzania. Katika jaribio la KiuFunza la 2013 na 2014, lililoendeshwa na shirika la Twaweza katika shule 350, kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, kundi la pili likaahidiwa malipo kwa walimu kwa kila mtoto atakayefaulu, na la tatu likapata vyote viwili. Fedha za vifaa peke yake hazikubadilisha matokeo ya mitihani. Ahadi kwa walimu peke yake ilileta matokeo mchanganyiko. Vilipokutana, alama zilipanda kwa zaidi ya jumla ya mafanikio ya kila kimoja. Mimi si shabiki wa kumlipa mwalimu kwa kichwa cha mtoto, lakini siwezi kulikwepa somo hilo.

Haki ndiyo ngumu kupima kuliko zote, kwa sababu anayekosa haki mara nyingi hayumo kwenye orodha ya mahudhurio. Kenya ilifuta ada za shule za msingi 2003, Tanzania ilikuwa imekwisha kuzifuta, na watoto wakafurika. Takwimu za uandikishaji ziling’aa. Mpango wa tathmini uitwao Uwezo, ulioanza 2009 Kenya, Tanzania na Uganda, ulifanya jambo rahisi: uliwafuata watoto nyumbani, wa shule na wasio wa shule, ukawapa hadithi ya kiwango cha darasa la pili waisome. Watoto wengi wa madarasa ya juu hawakuimudu.

Ukiamua kuingia uwanjani, fuatilia kibali cha utafiti mapema, maana hucheleweshwa, na usiende na dodoso peke yake. Chagua darasa moja, urudi humo mara nyingi hadi wanafunzi wakuzoee na waache kukutazama. Andika anayeitwa ubaoni na asiyeitwa kamwe. Kabla ya kuondoka, mwoneshe mwalimu ulichoandika, maana atakuwa na maelezo ambayo usingeyapata popote pengine, na mahali pengine atakukatalia kabisa. Andika na huko kukataa.