GHARAMA YA KUULIZA NJIA
Itifaki za uelekezaji na uwezo wa njia za mawasiliano

Katika mtandao wa kompyuta habari haisafiri nzima, bali hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Penye kila njia panda kuna chombo kiitwacho ruta, ambacho kazi yake ni kuamua pakiti ipite wapi. Ili ziamue vyema, ruta hazina budi kupashana habari: njia ipi ni nzima, ipi imekatika, ipi ni fupi zaidi. Taratibu za kupashana habari hizo huitwa itifaki za uelekezaji. Lakini habari hizo nazo hupita katika njia zile zile zinazobeba barua na picha za watumiaji. Basi kila neno linalosemwa kuhusu barabara huchukua nafasi barabarani.

Hesabu ya gharama

Itifaki ya RIP, iliyoandikwa rasmi mwaka 1988, huitaka kila ruta iwatangazie jirani zake orodha yake ya njia kila sekunde 30, hata kama hapana kilichobadilika. Ujumbe mmoja hubeba njia zisizozidi 25, na kila njia huchukua baiti 20. Zikiongezwa baiti 32 za vichwa vya ujumbe, jumla huwa baiti 532. Ruta yenye njia 500 za kutangaza itahitaji jumbe 20, yaani baiti 10,640, ambazo ni biti 85,120.

Katika waya wa simu unaopitisha biti 9,600 kwa sekunde, tangazo hilo huchukua karibu sekunde 9 katika kila 30, yaani takriban asilimia 30 ya uwezo wote. Katika njia ya biti 64,000 kwa sekunde, huchukua asilimia 4.4 tu. Katika uzi wa kioo upitishao biti bilioni moja kwa sekunde, gharama hiyo haionekani kabisa.

Je, haitoshi kutangaza mara chache zaidi? Hapo ndipo penye ugumu. Jirani akizimika ghafla, ruta ya RIP husubiri sekunde 180 za kimya ndipo ikubali kwamba njia imekufa. Kimya kikirefushwa, gharama hupungua, lakini pakiti huzidi kupelekwa kwenye daraja lililokwisha kuvunjika.

Kusema lililobadilika

Mtandao wa ARPANET, ulioanza Marekani mwaka 1969, ulikutana na tatizo hili mapema. Hapo awali jirani walibadilishana majedwali yao yote kila theluthi mbili za sekunde. Mwaka 1979 utaratibu ulibadilishwa: kila kituo kikapima ucheleweshaji wa njia zake chenyewe, na kuutangazia mtandao mzima hasa pale ulipobadilika vya kutosha. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1980 yalionyesha kwamba matangazo yalitumia chini ya asilimia 2 ya uwezo wa njia, na vituo vingi vilipata habari katika milisekunde 100. Itifaki ya OSPF, iliyotolewa mwaka 1989, ilirithi fikra hiyo. Ruta zake husalimiana kwa ujumbe mfupi, kwa kawaida kila sekunde 10, na hurudia habari zisizobadilika kila dakika 30 tu.

Zoezi

Mwanafunzi na arudie hesabu ya RIP kwa njia 1,700 katika waya wa biti 9,600. Atakuta kwamba tangazo moja halijamalizika kabla ya wakati wa jingine kufika. Waya umejaa maelezo ya njia, wala hapana nafasi ya msafiri hata mmoja.