Mlima Ulioitwa kwa Jina la Yaya

Mama msomaji, yule binti anayekulelea watoto unapokwenda kazini, jina la babake unalijua? Yupo mmoja aliyekaa nyumbani kwangu miaka miwili, nami hata leo silijui.

Nimekumbuka aibu hiyo niliposoma habari za Mlima Betty. Uko Antaktika, kwenye barafu tupu, zaidi ya kilomita 500 kutoka Ncha ya Kusini. Si mrefu, mita kama 490 tu, na jirani yake mmoja umepita mita 4,000. Hakuna kijiji wala mti.

Aliyeupa jina ni Roald Amundsen wa Norwei. Baba yake alifariki mwaka 1886, yeye akiwa na miaka 14. Mama yake alitaka awe daktari, lakini naye alifariki mwaka 1893, na kijana akaacha masomo akafuata safari. Katika nyumba hiyo alikuwapo Betty, yaya na mtunza nyumba wa miaka mingi.

Novemba 1911 Amundsen na wenzake wanne, wakivutwa na mbwa, walifika chini ya kilima hicho. Hawakuwa wamekanyaga ardhi isiyo na barafu tangu kisiwa cha Madeira, Septemba 1910. Safu kubwa ya milima aliipa jina la Malkia Maud wa nchi yake. Kilima kile cha mawe, alipokanyaga udongo tena, alikiita kwa jina la yaya. Malkia na mtumishi wa nyumbani wakawa majirani katika ramani!

Tarehe 14 Desemba 1911 walifika Nchani. Waliporudi Januari 1912 walijenga rundo la mawe juu ya Mlima Betty, wakaacha barua ya safari yao, viberiti, na lita 17 za mafuta ya taa kwa yeyote atakayepita. Sisi tuliowahi kulala gizani tunajua thamani ya akiba hiyo.

Hakupita mtu kwa karibu miaka 18. Siku ya Krismasi ya mwaka 1929, Wamarekani sita wakiongozwa na Laurence Gould waliliona rundo lile, na ndani yake barua. Amundsen hakuwapo tena kusikia habari hiyo: Juni 1928 alipotea na ndege baharini, akienda kuwatafuta wengine waliopotea.

Rundo la mawe sasa linalindwa kama kumbukumbu ya kihistoria. Na jina ni lilelile, Betty.