Benga Ingalipo, Fedha Zimehama

Ukipita Kondele, Kisumu, jioni utaisikia benga, muziki wa magitaa wa Waluo, na ndiyo sababu wengi hawakubali kwamba imeporomoka. Muziki upo. Kilichokufa ni biashara yake.

Miaka ya 1970 santuri moja ililisha wengi. Wimbo haukuenea upande mmoja wa santuri ndogo, basi ukagawanywa: upande wa kwanza mashairi, ukiigeuza unakuta magitaa yanafukuzana. Shirati Jazz ya D. O. Misiani na Victoria Jazz walirekodi, Chandarana akawa na studio Kericho, naye Phares Oluoch Kanindo akauza santuri hadi kusini mwa Afrika. Zimbabwe waliuita muziki wenyewe kanindo, kwa jina la muuzaji. Biashara ngapi za Kisumu zimewahi kufika hapo?

Kisha ikaja kaseti. Mwenye redio ya kaseti mbili alirudufu albamu nzima kwa bei ya kaseti tupu. Aliyegharamia studio hakurudisha fedha zake, akaacha kugharamia. Siku hizi fundi wa simu anakujazia nyimbo tele kwenye memori kadi kwa shilingi chache, na mpiga gitaa haoni hata ndururu. Kenya tunayo Sheria ya Hakimiliki ya 2001, lakini wasanii hawajaacha kulalamikia mirabaha, na mwaka 2017 chama kikongwe cha kuikusanya, MCSK, kilinyimwa leseni.

Imebaki kazi ya usiku. Katika pakruok mteja huinuka, bendi ikashusha sauti, akajisifu au akamsifu rafiki, kisha akatoa noti. Ni riziki halali, tena ina raha yake. Ila inategemea mfuko wa mteja, na mifuko ya ufuoni mwa Ziwa Victoria ilitegemea sana sangara. Sangara wamepungua, viwanda kadhaa vya samaki vya Kisumu vimefungwa. Anayebaki na noti za uhakika ni mwanasiasa, hasa uchaguzi ukikaribia, naye hununua sifa zake tu. Kukicha, bendi haina rekodi ya kuuza.

Matamasha ya kaunti hayatibu hili. Mwenye mahema na spika hulipwa, wimbo ukabaki bila mwenyewe. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti leseni za pombe na za burudani. Kaunti ya Kisumu ianzie hapo: baa inayopiga muziki isipewe leseni mpya kabla ya kuonyesha risiti ya mirabaha.