Pindo Likicheza, Usilaumu Cherehani

Mteja akileta mfarishi wa viraka uliokwisha kuungwa, usiupokee ukiwa umekunjwa kwenye mfuko. Utandaze mbele yake, sakafuni kama meza haitoshi, kisha uupapase kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Katikati pakilala halafu pembeni kitambaa kikainuka, kikashuka, kikainuka tena, basi pindo limezidi. Swali litakalofuata nalijua kabla mama hajafungua mdomo: "Lakini fundi, si litanyooka ukishapiga cherehani?"

Halitanyooka. Litazidi kucheza, na kazi ikiisha hivyo lawama ni za fundi.

Kazi za namna hii huja zaidi vinapotafutwa vitu vya sendofu na kicheni pati. Mtu wa Kashai hapa Bukoba, au wa Kamachumu kule Muleba, amekusanya vipande vya vitenge kwa miezi, ameviunga mwenyewe jioni jioni, amezungushia pindo la kitenge kimoja kizuri kilichopita mpaka wa Mutukula, na kilichobaki ni fundi kuweka pamba na kitambaa cha chini kisha kupiga mistari ya kuvishikanisha vyote vitatu. Mistari hiyo ndiyo inayokula kitambaa. Kila mshono huzama kidogo ndani ya pamba, na mishono ikiwa mingi katikati ya mfarishi husinyaa upana na urefu. Pindo likiachwa bila mistari, au likapata mistari miwili tu, linabaki na urefu wake wote huku katikati pamepungua. Angalia jani la sukuma wiki: ukingo umekua kuliko sehemu ya ndani, hauna pa kwenda ila kujikunjakunja. Mwenye viraka alikuja na mawimbi madogo. Fundi anamrudishia makubwa.

Urefu huo wa ziada huingiaje? Mara nyingi huingia kwa desturi moja ambayo nawaona nayo hata mafundi wazoefu. Mshonaji anachukua mkanda mrefu wa pindo, anauanzia kona, anashona mpaka mwisho wa upande, kisha anakata kinachobaki. Hakupima kitu. Hapo ni cherehani iliyoamua urefu wa pindo, na cherehani haina haki kwa vitambaa viwili. Meno yaliyo chini husukuma kitambaa cha chini. Mguu ulio juu hukizuia kile cha juu. Kwa hiyo cha chini huingia kingi zaidi. Mkanda ukiwa chini, meno yanaumeza zaidi ya inavyotakiwa, na pindo linazidi. Mkanda ukiwa juu huku mshonaji ameshika ukingo wa viraka na kuuvuta ili uende sawa, ukingo unanyooshwa na kufungwa na uzi ukiwa hivyo hivyo umenyooshwa. Njia mbili, tokeo moja.

Kitambaa chenyewe nacho kina tabia. Kitenge cha pamba kina nyuzi za mtande, zinazokwenda sambamba na ukingo wa kiwandani, na nyuzi za mshindio zinazokatiza. Shika kipande kwa vidole viwili uvute kufuata ukingo: hakiendi. Kivute kwa kukatiza: kinakwenda kidogo. Kivute kwa mshazari: kinakwenda sana, na hakirudi chote. Mapindo yanayokatwa kwa kukatiza upana wa kitenge, ambayo wengi hukata hivyo kwa kuogopa kuharibu kitambaa kirefu, yako upande wa yale yanayovutika. Pisi ya yadi sita inatosha kutoa mikanda minne mirefu kwa kufuata ukingo bila kiungo hata kimoja, na kinachobaki bado ni kitambaa cha maana.

Kanga ndiyo huwachanganya wengi. Mteja anakata pindo la kanga, lile lililochapwa pande zote nne, analishona kuzunguka mfarishi, halafu anashangaa kwamba pande mbili zimelala na mbili zinacheza, ilhali kitambaa ni kilekile. Kanga hufumwa ikiwa jora refu, na pande zake ndefu ndizo zenye ukingo wa kiwandani. Pindo linalotoka upande mrefu limefuata mtande, linatulia. Pindo linalotoka upande mfupi limekatiza, linavutika. Dawa ni kulipiga bandi lile la upande mfupi kwenye ukanda mwembamba wa kitambaa cheupe uliokatwa kufuata mtande, kabla hata halijasogezwa kwenye cherehani.

Kosa jingine liko ndani ya viraka vyenyewe, na hili halionekani kwa macho. Chukua mstari wa viraka kumi na viwili. Una mishono kumi na moja. Tuseme mshonaji alikusudia kuacha robo inchi kila mshono lakini mkono wake ukaacha pungufu kwa robo ya robo inchi. Ni upana wa nyuzi chache. Lakini kila mshono una pande mbili, kwa hiyo kila mshono unaongeza nusu ya robo, na kumi na moja zinafika inchi moja na zaidi ya robo. Mstari wa pili aliushona siku nyingine, kwa mkono uliotulia, ukatoka sahihi. Mistari hiyo miwili ikiunganishwa, mmoja lazima uvutwe ili umfikie mwenzake. Ukingo wa mfarishi wa hivyo hauna urefu wa kweli. Una urefu wa mahali ulipoishia kuvutwa.

Ndiyo maana nasema pima katikati. Futikamba ikilazwa ukingoni inasoma kosa na kuliandika kuwa kipimo. Ilaze katikati ya mfarishi, kutoka juu mpaka chini, kisha mara nyingine kwenye robo ya kushoto na robo ya kulia, uchukue kipimo kinachokubaliana. Kuna mfarishi wa kitanda cha tano kwa sita uliokuwa na inchi 78 katikati, inchi 79 na robo ukingo wa kushoto na 79 na nusu ukingo wa kulia. Mapindo mawili ya pembeni yanakatwa inchi 78, yote mawili, na ukingo wa viraka ndio utakaolazimishwa kuyafuata. Mwenye viraka hupenda kubishana hapa: kitambaa chake kimezidi, mkanda umepungua, vitaonanaje? Vinaonana hivi. Ukunje mkanda katikati, tia alama ya chaki. Ukunje tena, tia alama za robo. Fanya hivyo hivyo kwenye ukingo wa viraka. Kutanisha alama kwa pini, mwisho kwa mwisho, kisha ongeza pini kati ya alama ili kilichozidi kigawanyike kidogo kidogo. Geuza kazi yote ili kile kilicholegea, yaani viraka, kiwe chini kwenye meno, na mkanda uwe juu. Meno yaleyale yaliyoleta balaa sasa yanameza kilichozidi bila kukunja. Mguu ukibana sana, legeza kidogo ile skrubu iliyo juu ya fimbo yake. Usipoigusa, hata pini nyingi hazitakusaidia.

Mapindo ya pembeni yakishakuwa tayari, ndipo upime upana kwa mapindo ya juu na chini, na upime upya, tena katikati. Viraka vyenye upana wa inchi 66, vikipata mikanda miwili iliyokatwa inchi tano na nusu, kwa hesabu vinakuwa 76. Usikate kwa hesabu. Kata kwa futikamba.

Hayo ni kwa anayeanza mwanzo. Fundi anayepokea kazi iliyokwisha hana anasa hiyo, naye anatakiwa kuamua pale pale mteja akiwa amesimama. Mimi naangalia tofauti kati ya ukingo wa nje wa pindo na kipimo cha katikati ya mfarishi. Ikiwa ni chini ya nusu inchi kwa upande mzima, inapigika pasi na kusahaulika. Ikifika inchi moja, na kitambaa ni pamba tupu, inawezekana kuirudisha kwa subira. Ikizidi hapo, ni kufumua. Wapo mafundi wanaofinya kilichozidi na kukificha chini ya mshono wa kona, au wanaopiga kirinda kidogo kila baada ya hatua fulani na kukifunika kwa mistari. Sipendi. Mfinyo mmoja wa kona unaweza kuvumilika, lakini virinda kwenye pindo huonekana kila kitanda kinapotandikwa, na mwenye mali atakukumbuka kwa hivyo.

Kurudisha ile inchi moja ni kazi ya maji na joto. Tandika blanketi mezani, chora juu yake kwa chaki mstari wa urefu unaoutaka, si ule ulionao. Bana mwanzo wa pindo, mwisho wake, katikati na robo zake juu ya mstari huo. Mawimbi yatajigawa kati ya pini. Nyunyizia maji, funika kwa kitambaa chepesi chenye unyevu, kisha gandamiza pasi na kuinua, gandamiza na kuinua. Ukiiburuta pasi unanyoosha kilekile unachotaka kukipunguza. Wenye pasi ya mkaa wanajua kile kitambaa cha juu kina kazi ya pili, kuzuia jivu. Acha pindo lipoe na likauke hapohapo kabla ya kutoa pini. Kitenge cha poliesta hakitakusikiliza kwa maji, na joto likizidi kitang'aa au kuyeyuka, kwa hiyo chomoa uzi mmoja ukingoni uuchome kwa kiberiti kwanza: pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta hujikusanya kuwa tone gumu jeusi.

Halafu piga bandi kuzunguka ukingo wote wa nje kabla ya kuanza mistari, ukiwa umeshikilia kipimo kilekile. Anza mistari katikati, ielekee nje, na ukifika pindoni usiache nafasi kubwa kuliko ulizoacha ndani. Kama ndani kuna mstari kila inchi mbili, pindoni nako uwe kila inchi mbili. Mteja anayetaka pindo libaki wazi "ili ua lionekane" aambiwe mapema kwamba anachagua mawimbi.

Marekani, ambako wako mafundi wanaoishi kwa kushonea watu mifarishi kwa mashine kubwa za fremu, ugomvi huu ni wa kila siku, na fremu zao hazijaumaliza. Walioukwepa kabisa ni Wasiddi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika ya Mashariki waliovushwa Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita. Wanawake wao hushona kwa mkono mifarishi iitwayo kawandi, na huanzia ukingoni: viraka vya nje vinashikishwa kwanza, vingine vinafuata kuelekea ndani, mpaka katikati panazibwa mwisho. Pindo haliwezi kuzidi kwa sababu ndilo lililotangulia.

Turudi huku kwetu, kwenye mvua. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na nguo nzito hukaa mbichi muda mrefu. Mfarishi uliofuliwa ukianikwa kwenye kamba kwa kuning'inizwa pindo lake, uzito wa maji yote unavuta upande mmoja, na pamba iliyolowa huvutika kirahisi kuliko iliyo kavu. Pindo lililotoka dukani kwa fundi likiwa limelala linaanza kucheza baada ya kufuliwa mara chache. Mwambie mwenye mali auanike ukiwa bapa, au juu ya kamba tatu zilizosogeleana ili uzito ugawanyike. Akiutandaza kwenye nyasi ni vizuri kwa pindo, ila aupige pasi pande zote mbili kabla ya kuulalia, maana kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake huingia ngozini. Tena kitenge kifuliwe kabla ya kukatwa. Wanga wa kiwandani hukifanya kionekane kigumu na mtiifu. Ukitoka ndipo unajua umenunua nini.

Limebaki suala la fedha. Kufumua pindo na kulirudisha kunakula karibu siku nzima, na mteja alikuja na bei ya kupiga mistari tu kichwani mwake. Andika vipimo kwenye daftari la oda akiwa anaona: katikati ngapi, kushoto ngapi, kulia ngapi. Taja bei ya kufumua kando na bei ya mistari, na umwache achague. Wengine huomba wakafumue wenyewe nyumbani ili kuokoa hela, jambo zuri, bora aondoke na urefu sahihi ulioandikwa kwenye karatasi na mkanda wake ukiwa na alama za chaki. Akikataa kufumua na akakataa kulipa, andika pia kwamba aliambiwa pindo litacheza, atie sahihi. Na kama sendofu ni keshokutwa, hakuna muda wa lolote, mpendekezee kuliondoa pindo kabisa: kata usawa wa mshono, piga mistari kwenye viraka, malizia ukingo kwa utepe mwembamba uliokatwa kufuata mtande. Mfarishi utapungua inchi kumi, na kwenye kitanda cha tano kwa sita bado utafunika godoro. Mkanda uliokatwa mrudishie, unatosha mapindo ya foronya mbili.